Pipa la Bluu la Mama Mkwe

Mimi ni mtunza stoo katika karakana ndogo ya Voi inayotengeneza mipira ya kumwagilia mashamba. Wenzangu wakiona pipa wanaona pipa. Mimi naona karatasi iliyobandikwa ubavuni, na siondoki mpaka niisome yote. Ni tabia yangu, na imenikosanisha na watu wengi.

Karatasi ninayoijua kwa moyo ni ya DEHP, kemikali ya jamii ya fthaleti inayolainisha plastiki. Bila hiyo mipira yetu ingepasuka ikikunjwa. Ni kimiminika kama mafuta, hakina rangi, karibu hakina harufu, na hakichanganyiki na maji. Mtu mwenye haraka anaweza kukikaangia mandazi. Lakini kimewekwa katika kundi la 1B la sumu za uzazi, na karatasi yake ina mchoro wa mtu mwenye nyota kifuani. Chini yake imeandikwa kwa Kiingereza: hatari, chaweza kudhuru uwezo wa kuzaa, chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Mwaka juzi maneno hayo ya mwisho yalinikalisha chini. Nilikuwa na mimba ya wiki saba ya huyu anayening'ang'ania kalamu hivi sasa. Tulikuwa tumemngoja miaka sita, na aliyejua ni mume wangu peke yake, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Siku hiyohiyo niliomba kuhamishiwa ofisini, nikasingizia mgongo.

Jumamosi tukaenda Mbololo kwa mama mkwe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri baada ya ukame mrefu, naye alitupokea akicheka, akanivuta mkono hadi chini ya paa. Pale palikuwa na pipa la bluu alilolinunua sokoni, limejaa maji pomoni. Ubavuni, kwenye karatasi iliyochanika nusu, nikaiona ile nyota, na juu yake jina lilelile la DEHP.

"Mama, haya maji tusiyanywe."

"Kwani yananuka?"

"Hayanuki. Dawa iliyokuwamo haina harufu."

"Nimeliosha na sabuni mara tatu."

"Sabuni haiimalizi, Mama."

Akanuna. Mume wangu akageuka kutazama milima, na hapo nilimchukia kidogo. Basi nikaweka kidole kwenye maandishi, nikamfasiria mama mkwe neno kwa neno. Nilipofika kwa mtoto aliye tumboni, sauti ikanikatikia.

Alinitazama usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena. Alimwita mwanawe, wakalisukuma pipa mpaka likaanguka, na maji yote yakafurika uani huku kuku wakitawanyika. Nilicheka hadi nikalia.

Mama mkwe akajifunga leso kiunoni, akachukua mtungi, akashika njia ya kwenda kwenye kioski cha maji akiimba kwa sauti kubwa sana. Majirani wakatoka kumuuliza kuna nini.

"Nina kiu tu," akawajibu.