Kichuguu Chenye Kupumua

Usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Mimi sinywi, na ilikuwa asubui, jua imeshatoka. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize, juu hii mambo niliiona na macho yangu mbili, wakati bantu bengine bote balikuwa bamefunga yabo.

Mimi na Kabange tuko mapasa, tumbo moja, siku moja. Mimi nilitoka wa kwanza, yeye akafuata. Hatufanane hata kidogo: mimi mufupi, mweusi, yeye murefu, mweupe-mweupe, na bantu mingi banazania tuko barafiki tu. Lakini kwetu, upande wa kaskazini ya Katanga, mapasa habachezewi. Ukimupa mumoja kitu, hata kipande ya muwa, unamupa na mwengine siku ile ile. Ukisahau, mumoja anagonjwa, ao bote babili banaachana roho. Mama yetu alikuwa mutu wa misa kila asubui, lakini kwa hiyo mambo ya mapasa hata padri hakumuweza.

Basi, mwaka uliopita Kabange alifiwa na mutoto wake Nadège. Miaka saba, homa ya siku tatu, imekwisha. Alikuwa na ule mutoto mumoja tu, na bwana alishamuachaka zamani. Akakuja kukaa kwangu ku Hewa Bora, hapa Lubumbashi. Miezi tano hakulala. Usiku muzima anatembea mu nyumba, anakunja nguo za mutoto, anazikunjua, anakunja tena. Na mimi, acha niseme ukweli, nilichoka. Natoka ku soko kuuzisha unga, miguu inaniuma, nakuta kilio. Kuko siku nilijifanya nimelala ili asinisemeshe.

Njo pale alianza kwenda ku Annexe, kule mwisho ya muji penye pori inaanza. Mama moja wa korali ya kanisa alimwambia kuko Madame anafundisha bantu kupumua. Haiko maombi, haiko dawa. Unakaa miguu wazi juu ya udongo, pembeni ya kichuguu, vile vichuguu vya kwetu virefu kupita nyumba. Unafunga macho, unavuta pumzi pole pole, unatoa pole pole, mpaka unasikia weye na muti na muchwa na mupepo muko kitu kimoja. Nilicheka. Kupumua, nani hajue? Kabange, mwenye ananiitaka Yaya juu nilimutangulia kuzaliwa, akaniangalia tu, akasema, "Yaya, pale njo napumua." Na ile juma akalala.

Mutu mwengine angeshukuru Mungu. Mimi nikaanza kuuliza. Ule Madame anaitwa nani? Hajui. Anatoka wapi? Banasema upande wa Mokambo, kule ku mupaka. Anaomba nini? Hapana kitu. Eh, pale roho yangu ikakatala kabisa. Mu hii Lubumbashi yetu, nani anakuamukia kila asubui akufundishe bule? Tena Kabange alikuwa analala kupita kipimo. Nilikuwa nasimama ku mulango namusikiliza: pumzi moja, halafu kimya, nahesabu mpaka kumi na tano, halafu ingine. Na ku ncha ya kikwembe yake ya kujifunga alikuwa amefunga kidonge ya udongo. Nikamuuliza ni nini. Akasema Madame alimupa siku ya kwanza, atembee nayo.

Mangaribi moja akaniambia Madame anataka amupelekee pasa wake, ni mimi. Nikamuuliza nani alimwambia tuko mapasa. Akaapa juu ya kaburi ya mutoto kama hakusema. Sasa weye ungefanya nini? Mimi nilienda, juu kama ningekatala, angeenda peke yake.

Ilikuwa mwezi wa sita. Kama unajua baridi yetu ya mwezi wa sita, unajua asubui ukifungua kinywa, mvuke unatoka kama ku sufuria ya chai. Tulikuta bantu kama kumi na mbili bamekaa mu nyasi kuzunguka kichuguu, viatu bameacha kule mbali, macho bamefunga. Mama bazuri, tata bazee, kijana moja na kravati ku shingo. Hakuna mwenye alitusalimia. Madame alikuwa amesimama, mwanamuke wa kawaida, kitambaa ku kichwa, sauti ya upole. Akaniambia nikae upande huu ya kichuguu na mugongo wangu uiguse, na Kabange akae upande ule. Nilikatala. Nikakaa penye naweza kumuona ndugu yangu.

Niko nakuambia yote, basi na hii nitakuambia. Nilijaribu. Nilivuta ile pumzi mara tatu, miguu yangu juu ya udongo baridi, nikasikia arufu ya majani na muti kulia kidogo, na uchovu yangu yote ya soko ikashuka. Ilikuwa kitu tamu. Nilitaka kufunga macho. Kilichoniponya ni tabia yangu mubaya tu ya kutoamini mutu.

Juu na macho wazi niliona mvuke. Ya bantu bote ilikuwa inatoka pamoja, inarudi pamoja. Madame alikuwa anaongea, anasema vuta, anasema toa, na ku kinywa yake hakuna kitu. Hata kidogo. Nikazania ni jua. Nikainama, nikaangalia tena. Kinywa inaenda, mvuke hapana. Halafu nikaona tundu ya kichuguu, kubwa kama ngumi, pembeni ya kichwa ya Kabange. Kila mara Madame anasema neno, mvuke unatoka pale. Akinyamaza, ile tundu inavuta, na mvuke ya bote inaenda mule, pole pole, kama moshi ya jiko inafuata mulango. Uniamini ao usiniamini.

Nikaangalia Kabange. Alikuwa anacheka kidogo, vile hakucheka tangu maziko. Na ku pua yake hakutoka kitu. Kifua haipande, haishuke. Nikahesabu kumi na tano. Nikahesabu ishirini. Nikafika makumi tatu.

Pale Madame alikuwa ameshafika mbele yangu. Sikumuona akitembea. Akanyoosha mukono, na mu kiganja kuko kidonge ya udongo sawa ile ya Kabange. Akasema ile ni fungu yangu, niipokee. Nikaelewa mara moja, sababu nilikomaa mu hiyo desturi: kwa mapasa hawezi kubeba mumoja. Alimupa Kabange, lazima anipe na mimi, ao kazi yake haikamilike. Nilipiga ule mukono. Udongo ikaanguka mu nyasi. Nikafanya alama ya musalaba, nikamurukia ndugu yangu, nikakata ile fundo ya kikwembe na meno, nikatupa na yake, nikamuvuta na mikono mbili. Alikuwa baridi. Akavuta pumzi moja kubwa na kulia kama mutoto mwenye anazaliwa.

Bale bengine hakuna hata mumoja alifungua macho. Madame hakukasirika. Alisema tu, "Njo weye umemukatala ndugu yako. Haiko miye."

Juma ya pili nilirudi na katekista wa parokia. Kichuguu ilikuwa pale, bantu hapana, nyasi tu imelala penye balikaa. Mama moja mwenye anafinyanga matofari mu lupango, ile kiwanja ya pembeni, alituambia alikuwa anabaona kila asubui, alizania ni kikundi cha maombi. Nikamuuliza juu ya Madame. Akasema Madame gani, balikuwa banakaa peke yabo, banaangalia kichuguu. Katekista akakumbuka iko na kazi ku parokia.

Siku tatu Kabange akakunja tena nguo za mutoto. Ya ine akasema, "Nilikuwa namusikia Nadège anapumua pembeni yangu, vile alikuwa anapumua akilala. Ulinitoa bila kuniuliza." Mpaka leo tunakaa nyumba moja, anakula bukari ya unga yenye napika, lakini ananisalimia sawa mupangaji. Bazee balisema mapasa banaachana roho. Njo hii.

Kwa hiyo weye mwenye unanisikia: mutu akikuambia ufunge macho, angalia kwanza kama yeye mwenyewe anapumua. Lakini haiko hiyo tu. Kama ndugu yako amefiwa, keti naye weye mwenyewe, hata umechoka, hata amekulilia jambo moja mara mia. Mimi nilimuachia mutu mwengine hiyo kazi, na ule mutu aliikubali.

Sasa nalala chumba moja naye, mukono wangu juu ya mbavu yake, nasikiliza. Kila usiku anasema, "Yaya, toa mukono, nataka kulala."

Sitoe.