Mkasi wa Nyamusi

Nyamusi hawezi kuvumilia uzi unaoning'inia. Ni fundi cherehani katika soko la Migori, na mimi nauza vitenge meza ya pili. Mteja akipita na uzi umechomoza kwenye pindo, Nyamusi humsimamisha, huukata kwa mkasi wake mdogo, kisha humuuliza ni fundi gani aliyemharibia nguo. Zamani tulikuwa tukimcheka.

Mke wa mwanawe, Bosibori, alijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji huko Homa Bay. Aliambiwa ameshonwa kwa uzi wa ndani unaoyeyuka wenyewe, asiuguse. Akaja Migori kutunzwa na mama mkwe. Uzazi wa kwanza alishonwa kwa nyuzi nyeusi, zikatolewa kliniki, na Nyamusi alikuwepo akitazama kila uzi ukitoka. Safari hii aliona ncha moja tu kwenye pembe ya mshono.

"Hawa wamesahau kazi yao," akasema. "Funga macho, mwanangu."

Alimpenda, hilo nalisema wazi. Alimpikia uji wa wimbi, akamkataza hata kuinua ndoo. Mkasi wenyewe aliuchemsha kwanza. Lakini mazoea yana taabu, na mikono ya Nyamusi imezoea kuvuta uzi kwanza, ndipo ikate.

Mshono ukaachia. Haukupita muda ukaanza kutoa usaha, na Bosibori akashikwa na homa, akaweweseka akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Tukamkimbiza hospitali. Sista akafungua kidonda, akakisafisha, akakiacha wazi. Nyamusi akashtuka.

"Mbona hushoni?"

"Tukifunga saa hii, mama, tunafungia uchafu ndani. Lazima ipone kutoka chini." Akainama tena, akaangalia ile pembe. "Nani alivuta huu uzi?"

Bosibori alimtazama mama mkwe, akageuza uso. "Ni mimi, sista."

Akagombezwa mpaka mimi mwenyewe nikaumia. Nikamtazama Nyamusi, ambaye soko zima linaujua mdomo wake. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimchukia wakati ule, Mungu anisamehe.

"Basi uniambie ukweli," sista akasema, sasa kwa upole. "Hii inaweza kukuua. Uzi ilitoka yote, ama ilikatika ikabaki ndani?"

Bosibori hakujua. Alikuwa amefumba macho kama alivyoambiwa.

Sista akarudia swali. Mtoto akaanza kulia mikononi mwangu.

Nyamusi akafungua mkoba wake. Akatoa ule mkasi mdogo, akauweka kitandani mbele ya sista.

"Ilikatika," akasema. "Ingine ilibaki ndani. Ni mimi nilikata, na hii."