Mkwaruzo Kwenye Lenzi ya Bibi Naomi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Lushoto, miaka ile ya ujamaa, watu wazima walipohimizwa kujifunza kusoma. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, kazi yangu kusugua lenzi za miwani katika karakana ndogo. Fundi wetu, Mzee Hiza, alinifundisha kwa mabeseni matatu: unga mzito wa kuchongea kioo, unga laini wa kulainishia, na unga mwekundu wa kung'arishia. Kila beseni na kitambaa chake, na kunawa kabla ya kuhamia jingine. Lakini mimi, mwanangu, nilipenda kusifiwa kwa wepesi.

Siku hiyo Bibi Naomi aliteremka kutoka Mgwashi kufuata miwani yake. Alikuwa amejiunga na kisomo cha watu wazima, na herufi kubwa za ubaoni alizijua, lakini akifungua kitabu haoni kitu. Akaketi nje kwenye benchi. Nami kwa haraka nikapangusa lenzi kwa kitambaa cha unga mzito, nikaenda kuing'arisha. Kumbe chembe moja ilibaki, ndogo hata sikuiona. Ikachora mstari katikati ya kioo.

Nikajisemea, mstari mwembamba hivi, bibi wa watu atauonea wapi? Nikaifunga kwenye fremu.

Mzee Hiza akaiinua dirishani, kisha akanipa.

"Tazama mlima ule. Unaona nini?"

"Mstari, baba."

"Wewe umeutazama mara moja tu. Yeye atautazama kila siku. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nikatoka hadi kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi. Nimeharibu lenzi yako. Naomba unisubiri mpaka alasiri."

"Marahaba. Nimesubiri kusoma miaka sitini, mjukuu wangu. Alasiri ni kitu gani?" Akatoa viazi vyake akaanza kula.

Nikaanza upya, nikinawa mpaka viwikoni kila nilipohama beseni.

Alasiri Bibi Naomi akaivaa miwani. Halafu akasoma kibao cha mlangoni: "Ka-ra-ka-na ya mi-wa-ni." Akasoma maneno ya kanga yangu. Akasoma maandishi ya gunia la mpita njia, mwenye gunia akasimama ili bibi amalize! Mwisho akamgeukia fundi: "Kumbe Mzee Hiza una nywele puani!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na fundi mwenyewe ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Mwanangu, ukiharibu kazi ya mtu, usimfungie kosa lako ndani ya kazi hiyo ukamwacha aende nalo nyumbani. Mwambie mapema, uso kwa uso, kisha anza tena bila kununa. Ukifika mahali pa kunawa, nawa kweli, hata kama hakuna anayekutazama.

Mungu akupe mikono mitulivu, na akujalie kuwafurahisha watu kwa kazi ya mikono hiyo. Amina.