Bibi wa Kichina na Jembe

Nilimchorea jembe. Huo ndio ujinga wenyewe, na mwalimu akifungua kalamu ya wino mzito darasani, harufu yake hunirudisha pale.

Ilikuwa picha kuukuu ambayo mama aliitoa kwenye rundo la mitumba katika soko la Gakoromone. Bibi mmoja wa kifalme wa Kichina ameketi, kanzu ya majoka, shanga hadi tumboni, kofia kama keki ya harusi. Viganja vyake vilifichwa ndani ya kanzu. Jioni mama akitoka shambani alikuwa akimkazia macho hadi chai inapoa.

"Wewe, huyo usimguse!" mama alinionya.

Mimi nilidhani maskini hana mikono. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikamchorea miwili, minene, na jembe asikae bure.

"Aki leo utalala na kuku," dada yangu akanicheka.

Nikasimama mlangoni, tayari kutoroka. Mama akarudi, akaitazama picha, kisha akavitazama viganja vyake mwenyewe vilivyopasuka. Sikujua kama anacheka ama analia, na hata sasa sijui. Kofi halikuja. Alisema tu:

"Hata huyu umempa kazi?"