Uso Mmoja kwa Wapuliza Vioo Wote

Mjomba Durmush amechora watu wengi kuliko wale niliowahi kuwaona hapa Istanbul, na karibu wote wana uso mmoja. Niligundua mwenyewe, nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha kipande cha ngozi ya paa, chembamba kama ganda la kitunguu, kilichotobolewa kwa sindano kufuata umbo la mtu. Unakilaza juu ya karatasi, unakigongagonga kwa kifuko cha vumbi la mkaa, na mtu anatokea kwa vidoa. Ndivyo karakana ya wachoraji wa sultani, alikokuwa akifanya kazi, ilivyokijaza kitabu cha sherehe ya tohara ya mwanamfalme: siku hamsini za maandamano, kila chama cha mafundi na ukurasa wake.

Mdogo wake, Mjomba Hizir, alikuwa mpuliza vioo. Siku ya chama chao walipita uwanjani na tanuri linalowaka juu ya gari la magurudumu. Hizir akapuliza mtungi mbele ya sultani, moto ukamla ndevu za upande wa kushoto. Jioni alikuja kwetu anacheka.

"Kaka, unichore hivihivi nilivyo."

"Kitabu cha sultani si kioo cha kinyozi," Durmush akamjibu.

"Yule ngamia wa sukari aliyebebwa kwenye maandamano umemchora siku tatu. Mimi mdogo wako hunipi hata saa moja?"

"Ngamia hana maneno mengi."

Tulicheka sote. Kisha Hizir akasema polepole, "Sina mtoto, kaka. Nibakishe mahali."

"Nitaona," Durmush akasema.

Angeweza. Ukurasa wa wapuliza vioo ulikuwa mikononi mwake. Ila mkuu wa karakana alikuwa anawaharakisha, na Mjomba hakutaka isemwe kwamba anaingiza ndugu zake kitabuni. Akalaza ngozi. Watu kumi na wanane, ndevu kamili, uso uleule.

Kila Ijumaa Hizir alikuwa akiuliza, "Nimetoka vizuri?" na kaka yake akijibu, "Umetoka." Mwaka wa pili, wakati wa baridi, alikufa kwa kifua. Alikufa anaamini yumo kitabuni.

Baada ya mazishi, Durmush alikwenda karakana kuomba aurekebishe ukurasa ule. Kitabu kilikuwa kimeshajalidiwa na kuingizwa hazina ya kasri. Huko hawafiki watu kama sisi.

Siku hizi anachora nyumbani. Nikitoka madrasa namkuta ameinamia karatasi, bila ngozi wala mkaa. Kila anapoanza, mkono unakwenda wenyewe kwenye uso ule wa karakana, naye anafuta. Jana alimuuliza mama, "Hivi pua ya Hizir ilikuwaje?"

"Imenyooka, kama ya baba," mama akasema.

Mimi nakumbuka ilipinda kidogo, na nikasema hivyo. Mjomba akamtazama mama, akanitazama mimi, kalamu bado iko hewani. Wino ukakauka kwenye ncha.