Siku Niliyobebwa na Taka Mpaka Kawetele

Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze, sikatai, na kama mnataka kunicheka chekeni mmalize kabisa, maana mkimaliza na mimi nina langu la kusema.

Nilikuwa bibi afya pale Tukuyu mjini, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na soko likajaa vitu vya kila aina. Zamani taka za soko letu zilikuwa maganda ya ndizi, majani ya kabichi na magimbi yaliyooza, na wakulima wa Kawetele walizigombea kwa ajili ya migomba yao. Ikaja mifuko ya nailoni. Ng'ombe wakaimeza, wakavimba, wakafa, na wakulima wakasema taka zenu kaeni nazo. Basi wakubwa wa mji wakapanga kila kitu kitupwe kwenye korongo lililo juu ya chemchemi ambako watu wa Makandana wanachota maji (wakubwa wenyewe walikuwa na bomba majumbani, msiniulize zaidi). Nikapiga kelele kila kikao mpaka wakanichoka, wakanipa siku moja ya soko: nikipeleka tela la taka za kuoza tupu, bila nailoni hata moja, na wakulima wakalipokea, mpango wangu wa kutenganisha taka utapita. Nikishindwa, korongo.

Asubuhi ile nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu. Nilivaa suruali ya mume wangu na mabuti, kitenge nikakiacha kitandani, maana nilijua nitapanda kwenye tela na kitenge kinanasa. (Mwanamke kuvaa suruali Tukuyu miaka ile ilikuwa kesi tosha, lakini kesi hiyo nilikuwa nimejiandaa nayo.)

Nikasimama juu ya tela mbele ya soko zima, nachambua kikapu kimoja kimoja, za kuoza naziacha humo, nailoni na betri natupa chini kwenye gunia, huku nawafokea wote walioleta mchanganyiko. Mara mwenyekiti wa soko akapaza sauti: "Jamani, mjumbe wa wakulima wa Kawetele huyu hapa, kaja kuchukua mzigo!" Nikageuka. Baba mkwe wangu!

Wasio Wanyakyusa mtasema, sasa kuna nini? Kuna kwamba kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tukikaribia kukutana njiani mimi naingia migombani, au najifunika kitenge kichwani na kumpa mgongo mpaka apite, na tangu niolewe sikuwahi kukosea. Leo niko juu ya tela kama mhubiri, ndani ya suruali ya mwanawe, sina hata leso. Soko zima lilikuwa limegeuka kumtazama mjumbe. Sikufikiri. Nilijitupa kifudifudi kwenye taka nikavuta majani ya mgomba juu yangu.

"Bibi afya kaenda wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Atakuwa katangulia," akajibu Anyosisye, dereva wa trekta, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kunywa chai. Akawasha, na baba mkwe akapandishwa kando yake. Sasa ningeinuka vipi? Kila nikiinua kichwa naona koti la mzee.

Tukapita katikati ya mji, mabuti yangu yanachungulia nyuma ya tela, nikasikia mama mmoja anapiga yowe, "Mama wee, wamebeba maiti!" Watu wakaanza kutukimbilia, wengine wanalia kabisa, na mimi nimelalia magimbi yaliyooza, machozi ya hasira yananitoka. Hapo mkono wangu ukagusa nailoni. Mtu alikuwa ameificha chini kabisa, ina betri ndani! Nikaivuta nikaitia ndani ya shati, nikapekua, nikapata nyingine, na nyingine, na njia nzima nikawa nachambua nimelala hivyohivyo, nawatukana moyoni wote waliozitia.

Kawetele wakulima walikuwa wanangoja na majembe. Anyosisye akafungua mlango wa nyuma, akalibinua tela, nikateleza na mzigo wote mpaka miguuni pa baba mkwe. Mimi nikakimbilia migombani upande huu, yeye masikini, kofia inamdondoka, akakimbilia migombani upande ule. Waombolezaji wangu nao wakafika wanahema, na kicheko kilichoanza hapo sijakisikia tena maishani.

Mama mkwe, aliyekuwa kati ya wakulima waliongoja, akanifuata, akanifunika kitenge chake. Nikazitoa zile nailoni kifuani.

"Zilikuwa humo, mama. Nimezitoa zote. Waambie wapekue."

Akaniangalia. "Gwe mwana, unanuka," akasema, kisha akaenda kuwaambia.

Wakapekua kwa majembe na kwa mikono, wengine kwa hamu ya kunishinda. Hawakupata kitu. Ndipo sauti ya baba mkwe ikatoka ng'ambo ya migomba: "Mwambieni mkamwana mzigo tumeupokea. Na hao watu wa korongo nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Akaenda kweli, akasimama kwenye kikao chao na mambo yakaishia hapo. Mpango ukapita.

Mpaka leo sokoni wananiita Maiti. Waniite. Mnangoja niseme sirudii tena? Sisemi! Siku wakilitaka tena lile korongo nitapanda tela, nitapita katikati ya mji mchana kweupe, na safari hiyo nitakaa wima wanione wote.