Koko Aliyatambua Mawe ya Mwezi

Jambo lote lilitugharimu dola ishirini na tano na kilo mbili za maharagwe. Nimehesabu tena leo asubuhi kwa kalamu, hesabu haijabadilika: dola thelathini zilitoka, sita zikarudi, moja ikaliwa na pikipiki, na maharagwe yakamwagika gunia lilipopasuka. Kwa bei hiyo tuliuona mwezi. Mimi nauza vitenge hapa Goma, nafuu naijua ninapokutana nayo, na sijakutana tena na nafuu kama ile.

Nimekumbuka kwa sababu binti yangu amenijia na simu, akanionyesha darubini anayoitaka. Nyembamba, ndefu, miguu mitatu, na juu ya boksi imeandikwa kwamba inakuza mara 525. Namba ile ile. Nilicheka mpaka akakasirika na kuondoka. Basi kaa wewe nikusimulie.

Tuliishi mtaa wa Mapendo, mimi na koko, yaani mama yake mama yangu, katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe ya volkano. Koko alitoka upande wa Butembo na aliuza maharagwe. Mkono wake ulijua kilo bila mizani, na mizani ya wengine hakuiamini. Jioni zetu nilizijua kwa masikio: magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, yakilia juu ya mawe, bidoni tupu zikigongana mgongoni mwa watu waendao kuchota maji, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zikichachatika kwenye mafuta kwa jirani. Upande wa kaskazini mlima uliwaka mwekundu kileleni, na hakuna aliyeutazama, isipokuwa siku usipowaka.

Mwezi ulikuwa na mwenyewe. Koko alinifundisha kumwona tangu nikiwa mdogo: mama aliyejitwika kuni kichwani. Nilipofika miaka kumi na moja, mwalimu akatuambia darasani kwamba kule hakuna mama yeyote, kuna mawe na mashimo tu. Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota pesa.

Koko hakuacha kupepeta maharagwe yake. "Mwalimu wenu alifikaka kule?"

"Hapana, koko. Wanaangaliaka na darubini."

"Basi na mie nitaangalia. Inauzwaka ngapi?"

Mwezi ule zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Walikuwa akina mama sita, kila mmoja akitoa dola tano, na zote zinamwendea mmoja. Kwa koko, dola thelathini zilikuwa gunia jipya la maharagwe. Alinihesabia zote mkononi, akanihesabia tena. Sharti lilikuwa moja, kwamba ataangalia yeye kwanza. Kisha akaongeza, "Ukileta takataka, hatuuzi kitu mwezi huu. Tutakula ile nusu gunia iliyobakia, kisha tutabakia kuangaliana."

Soko la Birere lilikuwa na muuza vitu vya okazio, yaani vilivyokwisha tumika, aliyenunua vyombo vya wageni waliokuwa wakihama mtaa wa Himbi. Alikuwa na darubini mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ndani ya boksi lenye picha ya nyota za rangi zote. Namba ya boksi, 525, aliisoma kwa Kifaransa, polepole, ili ionekane ndefu zaidi. Ya pili ilikuwa bomba fupi, nene kama sufuria ya sherehe, bila miguu, bila boksi, bila namba. Nikafanya kilichofanywa na kila mwenye akili pale sokoni: nikagawanya bei kwa namba. Ile nyembamba, kila mara moja ya kukuza ilinijia kwa senti chache sana. Ile nene haikugawanyika kwa kitu. Nikashusha bei kutoka hamsini hadi thelathini na kurudi nyumbani nikitembea kama mkwe aliyeleta mahari.

Jioni ile mwezi ulikuwa umepita nusu kidogo. Tuliisimamisha darubini barazani, na kila mtu alipokanyaga mbao, miguu yake mitatu ilitetemeka. Koko akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Unaona nini, koko?"

"Kope zangu."

Nami nikatazama. Nikaona kitu kama maziwa yanayochemka. Jirani yetu, mama mwenye kucheka kwa mabega, akauliza juu ya ukuta, "Mama, lile gunia lako linaonekana kule juu?" Nilijificha nyuma ya nyumba nikalia, maana gunia lile lilikuwa ugali wetu, karo yangu na heshima ya koko mbele ya wale mama watano.

Koko hakunipiga. Alinikuta pale na darubini mkononi, akajaribu kuingiza vidole kwenye mdomo wa darubini. Viliingia viwili kwa shida. "Mvua ikinyesha unatoaka nini inje, chupa ao beseni?"

"Beseni."

"Na mwangaza unatokaka wapi?"

"Juu."

"Sasa weye ulitoa chupa."

Asubuhi tulirudi Birere. Muuzaji akasema feza ya soko hairudiake. Koko akasema hana shida, akavuta kigoda cha yule papa muuzaji, akakaa, na kila mteja aliyekaribia akamsalimia na kumweleza habari za kope. Wateja watatu waliondoka. Wa nne alipokaribia, muuzaji akamwomba koko achague kitu kingine.

Alichagua bomba nene. Papa mwenyewe alikuwa mkweli kuhusu hilo: limekufa. Alichungulia kwenye mdomo wa bomba, akasema, akaona pua yake mwenyewe tu. Koko akalipakata kama mtoto, mdomo ukielekea mlimani, akawa anapangusa vumbi kwa kitenge. Pembeni palikuwa na tundu dogo lenye kioo. Niliona jicho lake likipita pale. Likasimama. Mkono uliokuwa ukipangusa nao ukasimama, kisha ukaendelea.

"Kweli limekufa," akasema. "Nitapimia maharagwe. Nirudishie feza kumi."

"Mama, unaniua. Tano."

"Mutoto wangu, kwa beseni lenye tundu?"

Walimaliza kwenye sita. Alilifunga mgongoni kwa kitenge, tukapanda pikipiki, na tulipofika mbali akanisemea sikioni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mlima uko umesimama na kichwa ndani ya hiki kitu. Na miti naona."

Kwa kuwa halikuwa na miguu, alitoa nusu gunia yake ya maharagwe, akailaza juu ya ukuta wa mawe, akalilaza bomba juu yake. Maharagwe yalilipokea likatulia kabisa. Saa kumi na mbili na nusu jioni ile, uwanja umejaa majirani, koko akaweka jicho.

Mtu akikohoa, alinyoosha mkono nyuma kumnyamazisha. Mwezi ulikuwa ukitoroka pembeni polepole, naye akaufuata kwa kubonyeza maharagwe kwa kidole. Jirani wa mabega hakucheka.

"Haya mawe nayajua," koko akasema mwishoni. "Ni ya huku kwetu. Njia ya Munigi. Moto ulishuka pale, ukapita hivi, ukasimama."

Nikatazama. Ndugu yangu, sijui nikuambie vipi. Nilitegemea taa, nikaona nchi. Kulikuwa na vilima vyenye vivuli, mashimo kama kilele cha mlima wetu, na zile sehemu nyeusi, tambarare, zenye kingo, kama uwanja tuliokuwa tumesimama juu yake. Nilishika ukuta, na nadhani ndipo gunia lilipopasuka. Baadaye mwalimu alithibitisha kwamba zile sehemu nyeusi ni moto wa zamani uliomwagika na kuganda. Koko hakuhitaji kuthibitishiwa.

Yeye alikuwa ameinua uso, anautazama mwezi kwa macho matupu. "Nilikosea," akasema. "Yule mama habebi kuni. Ni vitu vya nyumba. Anakimbia."

Wote pale tulikuwa tumewahi kukimbia na mzigo ule kichwani.

Siku nyingine tulikimbia tena. Koko alijitwika gunia, mimi nikabeba sufuria, na bomba likabaki. Tuliporudi halikuwepo. Sasa koko hayupo, na pale uwanjani pamejengwa nyumba ya ghorofa yenye taa ukutani usiku kucha. Kama wewe unakinga mvua kwa bomba nene lenye tundu pembeni, nijulishe. Nitakuambia limekufa, tutaelewana bei.

Binti yangu nitamnunulia darubini pana, kwa hilo siombi ushauri. Ninachokuomba ni hiki. Alizaliwa katika mwaka wa utulivu, hajabeba kitu kichwani zaidi ya bidoni, na mama wa mwezini anamjua kwa kuni zake. Siku akiinua jicho na kuniuliza yule anabeba nini, nimjibu nini?